Piramidi Isiyo na Mti

Dada Riziki,

Nakusalimu wewe na wote mliobaki Kiringye. Leo, hapa Kairo, nimesimama chini ya piramidi kubwa, kaburi la mfalme wa kale. Jiwe moja tu la chini lanifika kifuani, na mawe hayo yamepandana hadi jicho linachoka kabla ya kilele. Nimeandika habari za majengo mengi. Hili linayapita yote.

Niko na Bahati, jirani yako aliyekimbia vita. Aliizunguka piramidi yote akitafuta mti tunaoupanda kichwani pa kaburi ili lisipotee, akarudi anahema.

"Ndugu, muti yake iko wapi?"

"Hapa hawapandi. Mawe yote haya, mfalme atapotea wapi?"

Hakucheka. "Miye mama yangu nilimuachia udongo tupu. Tulimuzika mbiombio, asikari walikuwa wanakuja. Mvua ikipiga pale, nani atajua fasi analala?"

Dada, wewe ulikuwepo mazishini, unapajua alipozikwa. Njia ikiwa salama, mpandie mama yake mti kabla ya mvua. Mungu awafunike nyote hapo. Ukishaupanda, uniandikie ni mti wa aina gani, maana ataniuliza.

Kaka yako,
Amisi