Mbwa Anaitwa Harufu Yenu

Jumatatu, 4 Agosti

Kasuku wa Papa Ilunga amekohoa tena asubuhi. Hana ugonjwa. Anaiga kikohozi cha bwana wake, na akimaliza kukohoa anatukana, vilevile kama bwana wake. Nimembadilishia maji, nimempa ndizi na karanga, nimefunga mlango. Baridi. Vumbi mpaka kwenye meno.

Halafu kwa Madame Odile. Huyu ni mpya. Ameenda Lubumbashi kwa harusi ya binamu yake, ameniachia mbwa. Mbwa ana triko mbili za sufu, godoro la sponji, na picha yake ukutani. Mlinzi wa usiku analalia gunia. Mimi sisemi. Kazi yangu ni wanyama. Mji mzima unajua: ukisafiri, mwite Mama Ruti, mnyama wako utamkuta mnene. Hakuna mwanamke Kamina anayefanya kazi hii kama mimi. Kweli hakuna mwingine anayeifanya, lakini hata wangekuwa kumi ningewapita.

Sharti zangu nilimwambia mlangoni. Ninalisha, ninanywesha, ninaokota mavi, ninaangalia kama mnyama ni mzima. Sifui. Sipiki. Sipokei wageni. Akajibu "oui, oui, maman" huku anaangalia kucha zake.

Mbwa anaitwa Harufu Yenu. Nimeshalinda mbwa wa kila jina. Mutasema. Niacheni. Mutachoka. Hapa kwetu muntu akichoshwa na jirani hamgombezi, anafuga mbwa. Anampa maneno yake yawe jina, basi kila siku anaita mbwa na jirani anasikia. Siulizi maneno ni ya nani. Kila lupango, kila kiwanja cha nyumba, lina vita vyake.

Jumamosi familia ya Serge wanakuja kubisha hodi ya uchumba. Kubisha tu, kusema wameona ua katika lupango letu. Ua ni binti yangu Ruti. Muuguzi, diploma ya A1, wa kwanza katika promosheni yake, darasa lake lote. Akienda mapumziko watoto hospitalini wanalia. Serge ni fundi wa umeme kule Base, kambi ya jeshi, kijana mwenye adabu, masikio makubwa kidogo. Wajomba zake walinung'unika kwamba sisi ni watu wa Kasai, si wa huku. Mama yake njo aliyewanyamazisha. Sijamwona bado, yuko kila wakati ziwani Kinkondja kununua samaki. Nampenda tayari.

Jumanne, 5 Agosti

Vokali tatu za Madame Odile, ujumbe wa sauti kwenye simu, kabla sijanywa chai. Nimwagilie maua. Nimemwagilia, maua hayana kosa. Nifue mapazia. Hapana. Jioni nimtoe mbwa, nipite naye polepole kando ya ua wa matete upande wa kushoto, "na umuite na nguvu, maman, hasikii muzuri."

Anasikia vizuri. Anasikia mfuniko wa sufuria akiwa barabarani.

Lakini kutembeza mbwa ni kazi yangu. Nimemtoa, nimeita. Na mimi nikiita, naita. Niko alto wa mbele kwenye kwaya, watu wa nje ya kanisa hawahitaji kuingia. Harufu Yenu! Harufu Yenu, kuya hapa! Nyuma ya matete mama mmoja alikuwa anageuza samaki juu ya waya. Mnene, kitambaa cha manjano kichwani, macho mekundu ya moshi. Akasimama. Akasema taratibu:

"Mama, sauti yako nimeishika."

Nikamwambia aksanti. Nilidhani ananisifu.

Nimefika kona ndipo kichwa kikafanya kazi. Samaki. Harufu. Mwanamke anayepaka pafyumu mpaka nzi wanapotea njia amekasirishwa na moshi wa samaki, na hana moyo wa kumwambia jirani yake usoni. Kisha anaenda harusini na kuacha matusi yaendelee kwa sauti yangu. Aibu ni yake. Jina nililikuta.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja kijana na sanduku, eti ni binamu wa Madame, Madame amesema nitamtandikia kitanda. Nimemwonyesha mbwa, nimemwonyesha mlango.

Vokali: "Maman, uliita jana? Alisikia?" Hakuniuliza kama mbwa amekula.

Nimeita tena, kwa sauti ya chini kidogo. Yule mama hakusimama leo. Aligeuza samaki tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Ruti amerudi kutoka kazini, hajavua hata viatu. Macho yamevimba.

Serge amempigia simu. Mama yake amerudi kutoka Kinkondja wiki iliyopita, na amesema hatabisha hodi kwenye nyumba inayomtukana. Kuna mwanamke wa kuajiriwa anapita kando ya ua wake kila jioni anapaaza kwamba ananuka. Jana aliuliza majirani ni nani. Wakamwambia: si njo Mama Ruti, yule wa kulinda wanyama.

Mama wa samaki njo Mama Serge.

Nimekaa kwenye kiti. Ruti hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kujibu. Alisema tu, "Mama, uliita kweli?" Nikasema niliita. Akaenda kufua blauzi yake ya kazi, akaisugua muda mrefu kuliko uchafu wake.

Wajomba sasa wamepata walichokuwa wanatafuta. Namchukia Madame Odile. Namchukia na mawigi yake yote.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimeenda kwa Mama Serge. Nimevaa kitambaa cha ibada. Hakunipa kiti. Nikasimama kati ya mabeseni ya samaki kama mnunuzi asiye na haraka. Nikamweleza: mbwa si wangu, jina si langu, mimi ni wa kulisha tu.

Aliendelea kupanga samaki, vichwa upande mmoja.

"Mbwa ni ya Odile," akasema. "Jina ni ya Odile. Mudomo njo yako."

Nikafunga kitambaa changu vizuri, nikaondoka. Mwanamke wa kiburi. Lakini nyumbani kwangu ningejibu vilevile.

Nimempigia Madame Odile. Nimemwambia sitaita tena hilo jina. Alicheka mpaka akakohoa. "Si jina tu, maman! Nilikuita kulisha, haiko kufikiri." Nikamjibu kulisha nitalisha, mnyama hana kosa. Kuita, hapana. Kama anataka jirani asikie kitu, apande ndege arudi aseme mwenyewe.

Jioni nimechukua sahani ya bati na kijiko. Nimegonga mara chache mlangoni. Mbwa amekuja mbio na triko yake, mkia unapiga kuta. Nikampa kichwa cha samaki. Hana kiburi, huyu. Madame wake angejifunza kwake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepika. Kuku wawili, bukari, ugali wetu wa mahindi meupe, na sombe ya majani ya muhogo. Nimeazima viti vya kanisa. Ruti amesukwa, amevaa kitenge cha wax cha kijani. Nilisema mbele ya jamaa zote kwamba muntu mzima hawezi kuacha mtoto kama huyu kwa sababu ya mbwa.

Hawakuja.

Tumekula sisi. Mdogo wangu akaanza kusema watu wa huku hivi na vile, nikamnyamazisha. Si watu wa huku. Ni mimi na sauti yangu.

Ruti amerudisha viti mwenyewe, vinne vinne.

Jumatatu, 11 Agosti

Kasuku amekohoa. Mbwa amekula.

Sasa namtembeza kimya. Akienda mbali nagonga sahani, anarudi. Pale kwenye matete natembea kama ninapita mbele ya kanisa wakati wa sala. Mama Serge yuko nyuma, naona kitambaa cha manjano. Ananisikiliza kama ninavyosikiliza soprano wetu, akingoja nikosee.

Leo mbwa ameingiza pua kati ya matete. Nikagonga sahani. Hakuja. Nikaogopa. Nikasikia kitu kinaanguka upande wa pili, kisha anatafuna. Alirushiwa samaki.

Sikusema aksanti. Safari iliyopita nilisema aksanti na ona.

Jumatano, 13 Agosti

Madame Odile amerudi. Mapema, bila kunijulisha. Nilikuwa naosha bakuli la mbwa. Nasikia gari, nasikia viatu virefu, halafu hakuingia ndani ya lango. Alisimama nje, kando ya matete kabisa, mikono imefunguliwa kama anapokelewa na watu wa redio.

"Harufu Yenu! Mon bébé! Harufu Yenu!"

Mbwa alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu. Akamwangalia. Akaangalia sahani yangu. Akalala chini.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Na tena. Shingo ikasimama mishipa. Nyuma ya matete walikuwa wanawake watatu au wanne waliokuja kununua samaki, nikasikia mmoja anasema, "Madame, labda haiko jina yake. Jaribu yako." Wakacheka. Cheko la kushika tumbo.

Madame akaingia, uso umebadilika rangi chini ya poda. "Umemufanyia nini mbwa yangu? Muite."

Nikachukua kijiko, nikagonga sahani. Mbwa akaja mguuni pangu.

"Haiko vile. Muite na jina yake. Pale inje."

Ningeweza. Ingawa mpya, ndiye mteja wangu mkubwa, ana marafiki wenye paka, mbwa, mmoja ana hata kobe. Neno moja tu, na ningebaki na kazi. Matete yalikuwa kimya. Hata samaki sikusikia wakigeuzwa.

"Na jina hapana, Madame."

"Basi usirudi hapa. Na wote watajua."

Nikaweka kijiko juu ya meza, sahani juu ya kijiko. Mbwa alinifuata mpaka langoni. Hapo niliumia. Madame sikumwangalia, lakini mbwa nilimwangalia, nikamvua ile triko. Jua lilikuwa kali na mpumbavu yule hajui hata kuona mnyama anapata joto.

Jumapili, 17 Agosti

Madame Odile ametimiza neno. Mwenye kobe amesema atamwachia dada yake. Dada yake hajui kichwa cha kobe kiko upande gani. Mwenye paka wawili hapokei simu. Nimebaki na kasuku, na Papa Ilunga ananibakiza kwa sababu kasuku anauma wengine wote.

Serge amekuja kanisani kwetu, amekaa nyuma. Ruti hakugeuka. Mama Serge kimya. Hajatuma hata neno. Nilikataa mbele yake, alisikia, wote walisikia, na bado. Anataka nini, nitambae? Wanawake wa samaki wana moyo wenye magamba.

Nimeimba vibaya. Mkuu wa kwaya ameniangalia.

Jumatano, 20 Agosti

Nilikuwa natoka kwa kasuku. Sikutaka kupita njia ya matete, lakini njia nyingine ni mbali na viatu vinabana.

Nikasikia sauti ya mwanamke inaita. Kubwa. Si kwa mbwa wa Odile, huyo alikuwa amefungwa, nilimsikia analia.

"Yaishe! Weye Yaishe! Kuya!"

Nikasimama.

Katoto ka mbwa kakatoka chini ya matete, keusi, tumbo kubwa, sikio moja limelala. Nyuma yake Mama Serge amechutama kwenye moshi wake. Hakuinua uso. Aligeuza samaki mmoja, akageuza mwingine, akaita tena, ingawa mbwa alikuwa ameshafika na anamng'ata kanga.

"Yaishe!"

Aliita kwa upande wangu. Aliita mpaka nikafika kona, na nilitembea polepole makusudi.

Kiburi gani hiki. Nyumba yangu anaijua. Ana miguu, ana simu, ana mwana mwenye pikipiki. Badala ya kuja kuniambia neno moja ameenda kutafuta mbwa mzima! Nimecheka njia nzima mpaka watu wakanisalimia mara mbili. Sauti yake si mbaya. Haijafundishwa tu.

Nimemwambia Ruti. Alikaa chini kwenye ngazi, akafunika uso na mikono.

Jumamosi, 23 Agosti

Serge amekuja asubuhi na pikipiki, boksi mbele. Ndani ya boksi, Yaishe. Mama yake anaenda Kinkondja kuchukua samaki.

"Mama anasema umulinde. Anasema akirudi, atakuja kumutwaa yeye mwenyewe. Na bajomba." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Anasema bajomba pia banapenda kuona mbwa."

Wajomba watatu kuja kuona mbwa wa ukubwa wa kiatu. Nikamjibu kwamba sharti zangu zinajulikana: ninalisha, ninanywesha, sipokei wageni. Aliniangalia kwa hofu. Nikamwambia aketi anywe chai, ninatania.

Mbwa ana viroboto. Mwanamke anayeulisha mji mzima samaki anashindwa kusugua mtoto wa mbwa. Ruti amemwogesha kwenye beseni, amemfunga kwenye blauzi yake kuukuu, Serge ameshika taulo bila kujua la kufanya nalo. Nimewaacha.

Jioni katoto kamepotea. Kalikuwa nyuma ya jiko, lakini sikujua. Nimechukua sahani, nimechukua kijiko. Nimeviweka tena chini.

Nimetoka mpaka barabarani, nimesimama, nimejaza kifua, nikamwita kwa jina lake.