Mvua Tuliyoiomba Buganguzi

Mke wangu, Mama Koku,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule kwa sababu nikianza kwa Kihaya itakuwa kama nakuita, nami nimechoka kuita mtu asiyeitika.

Unakumbuka kiangazi kile. Kisima cha bondeni kilibaki tope, majani ya migomba yakakauka hadi ukipita kibanjani yanavunjika. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alituma habari kutoka Bukoba kwamba tupande mihogo, nasi tukacheka: Mhaya ale mihogo? Baadaye hatukucheka. Wewe ulikuwa ukinawa uso, maji yale yale unakwenda kuyamwaga kwenye mgomba wa nyuma ya jiko. Nikakuambia, "Unamwagilia maiti." Ukanijibu, "Waitu, bwana wangu, bado una chipukizi. Njoo uone."

Ndipo ngoma ikalia, mkuu wa kijiji akatangaza kwamba Jumamosi watu wote wapande mlimani kuomba mvua, wa Luteri na wa Roma pamoja. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Mzee mmoja alinung'unika kwamba mizimu ya ukoo imesahauliwa, na katekista wa Roma na mwalimu wetu wa kanisa la Luteri wakamnyamazisha kwa sauti moja. Ulicheka njia nzima. Ukasema, "Angalau njaa imewapatanisha."

Kule juu ndiwe uliyeanzisha wimbo. Nilisimama nyuma yako, Koku akiwa mgongoni mwangu, nikaomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Usije ukadhani sikuomba.

Wingu lilitoka upande wa ziwa tukiwa bado tumepiga magoti. Mvua ilipoanguka watu walipiga vigelegele, wakafungua vinywa wainywe. Tuliteremka tukiimba. Tulipofika bondeni kijito kilikuwa kimeshajaa, gogo la kuvukia linatikisika. Bibi Kemilembe, jirani yetu, aliogopa kukanyaga, nawe ukabaki umemshika mkono.

"Mvushe mtoto kwanza!" ulipaza sauti.

Nikavuka. Nikamshusha Koku kwenye nyasi, nikageuka kuwarudia. Mlikuwa mmefika katikati. Maji yenye udongo mwekundu yakaja kwa pamoja kutoka juu, na gogo halikuwepo tena, wala ninyi.

Nilikuita. Huko vijijini ngoma za furaha zilikuwa zinapigwa, maana watu hawakujua, na sauti yangu haikufika popote. Kesho yake tulikupata kwenye mafunjo, na bibi yule mbele yako kidogo.

Migomba ilipozaa, kanisa likatangaza siku ya shukrani. Mwalimu alikuja nyumbani jioni ya kuamkia siku hiyo, akakaa kwenye kigoda, kofia mapajani.

"Baba Koku, kesho usimame useme neno. Watu watapata nguvu."

"Niseme nini, Mwalimu?"

"Sema kwamba Mungu alisikia."

"Alimsikia nani? Na mimi nilimwomba, pale ukingoni. Nilimwomba aikate ile mvua."

Aliizungusha kofia mapajani. Kisha akasema, "Sijui, ndugu yangu. Mbele ya watu nasema najua, lakini sijui. Ila watu wana chakula."

Ni kweli walikuwa nacho. Kesho yake mikungu ya ndizi ilijaa mbele ya madhabahu, watoto waliokuwa mifupa wana mashavu. Mwalimu alinitazama, nikasimama. Kanisa zima likatulia kunisikiliza. Nilitafuta hata neno moja, la kushukuru au la kulaumu, sikulipata, nikakaa. Wakaanza kuimba. Hakuna aliyenikosea, Mama Koku. Hilo ndilo linaloniua: sina wa kumkasirikia. Jioni nilimpikia Koku ndizi za ule mgomba wako wa nyuma ya jiko, akala akashiba, nami nikala.

Watu husema majonzi hupungua. Yangu hayajapungua, ila nimezoea kuyabeba. Nalima, nachuma kahawa, naitikia salamu. Jumapili naenda kanisani kwa sababu ya mtoto, nafungua mdomo wengine wanapofungua.

Sasa kiangazi kimerudi. Leo asubuhi ngoma imelia tena. Koku amekuwa msichana mrefu, ana sauti yako, na wamemwomba aanzishe wimbo. Alisimama mlangoni akiwa ameshavaa.

"Tata, huji?"

Nikamwambia mguu unaniuma. Alinitazama, akajua. Nikamwambia, "Mvua ikianza, lala kwa watu wa huko juu. Usiteremke bondeni." Akaitikia. Lakini wewe pia ungeitikia, kisha ungemwona mtu anayeogopa kuvuka.

Wamefika mlimani, nawasikia wakiimba. Upande wa ziwa pameanza kuwa peusi. Kibanja kinakufa, mke wangu, na mtoto wetu yuko juu kule anaomba kwa moyo wote, nami nimekaa mlangoni sijui niombe inyeshe au isinyeshe.

Kwaheri, Mama Koku.

Mumeo,
Baba Koku