Ni Yesu ama ni Alhamisi?

Boke,

Mwaka mzima! Mvua imekuja ikaenda, sasa inanukia tena, na wewe hata ndotoni hujapita. Shangazi yangu ambaye hakunipenda akiwa hai anakuja kila mara kuniuliza chungu chake kiko wapi. Mama mkwe amekuja mara mbili, akakaa, akanung'unika, akaenda. Lakini wewe uliyekula samaki kwangu mpaka ukalamba miiba, umejilaza kaburini huko Kegonga kama mtu asiyenijua. Pasta anasema wafu hawatembei. Nilimwambia ndoto haziko kwenye kamati yake.

Basi nimeamua kuandika mimi. Naandika kwa Kiswahili chetu cha sokoni, kwa sababu Kikuria chako kilinishinda, na Kijaluo changu ulikiita kelele za kanga porini. Mkono ni wangu mwenyewe. Mimi sikukanyaga darasa hata siku moja. Wewe wa darasa la nne ndiye ulinifundisha herufi pale soko la Ndhiwa, wateja wakiwa wachache, ukitandaza wimbi kwenye ungo na kuniambia nichore kwa kidole. Nikikosea unatikisa ungo, kosa linapotea. Kalamu haina huruma hiyo, kwa hivyo utavumilia.

Unakumbuka tulipomzika mwanangu Otieno. Ulikuja na mkeka wako, ukapita wazee wote bila salamu, ukaenda kukaa na mke wake Akoth bega kwa bega, wakati wanawake wetu walikuwa wanampitia mbali kwa sababu mjane mbichi haguswi. Ukala naye sahani moja. Mimi mama mkwe wake niliona. Nikaona aibu kidogo, nikabaki na wanawake wenzangu. Miezi minne baadaye nilikuwa nyuma ya pikipiki kutoka Kehancha mpaka kwenu Kegonga, nakuja kukuzika wewe.

Halafu mvua ikaja.

Ulikuwa unaicheka mila yetu ya kupanda, lakini unaijua. Kwa boma la Mjaluo mbegu ina foleni. Mimi mama naanza, halafu mke wa mtoto wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu. Hakuna kuruka. Na mwanamke anayefungua shamba lake lazima awe amelala na mume wake. Mimi nimezeeka, hilo nimeachiliwa. Lakini Akoth, mke wa mtoto wangu wa kwanza, ndiye anayenifuata kwa foleni, na mume wake yuko kaburini hapo mbele ya nyumba. Wake za wadogo zake Otieno wakakaa na mbegu kwenye ndoo, wakiangalia mawingu, wakimwangalia Akoth. Wakasema arithiwe na shemeji, ama aletwe mwanamume kutoka mbali walale siku moja tu, mambo yafunguke. La sivyo chira itaingia bomani, ile laana inayokausha watoto mpaka wabaki macho.

Nikapeleka maneno hayo kwa kikundi chetu cha maombi cha Alhamisi. Sikupeleka kwa Mungu, Boke. Nilipeleka kwa kikundi. Unawajua: wanane, mimi wa tisa, wote wameokoka, wote nyanya, wote tumefunga leso namna moja. Tuliomba kwanza, tukafumba macho vizuri kabisa. Kisha Mama Selina, mwenyekiti wetu, akasema, "Mungu anajua tumezaliwa nchi gani. Huyo mtoto aletewe mtu, halafu Jumapili atubu." Mwingine akasema, "Hata Yesu hakukataza watu kupanda." Amina, amina, mpaka mabati yakaitika. Na moyo wangu ukatulia kama maji ya mtungi. Nilirudi nyumbani nikisema, watu wa Mungu wamekubaliana, basi Mungu naye amekubali.

Nikamwambia Akoth. Alikuwa anachambua mbegu. Hakulia. Akaniambia, "Mama, siku ya kumzika Otieno ulisimama mlangoni ukaniambia Mungu ndiye mume wa mjane. Ilikuwa pole ya mazishi tu?" Akaingia ndani akaanza kukunja nguo za watoto. Alikuwa anarudi kwao Rongo, yeye na wajukuu wangu watatu.

Nikakaa jikoni kwa kigoda. Hapo ndipo nilikusikia. Si ndoto, ni kukumbuka tu. Kila nilipokuletea sokoni uamuzi wa kikundi, nani asiimbe kwaya, msichana gani asisalimiwe kwa sababu ya tumbo lake, ulikuwa unaendelea kupepeta wimbi lako na kuniuliza bila kuinua kichwa, "Mama Otieno, hiyo ni Yesu amesema ama ni Alhamisi?" Nilikuwa nakasirika mpaka nakunyima chai.

Nikamkumbuka na binti yako. Desemba ile ulipokataa asitahiriwe kama wenzake, waimbaji wenzako wa kanisani walihama benchi lako kana kwamba una upele. Ulikuja kuuza wimbi Ndhiwa kwa sababu kwenu hakuna aliyenunua tena kwa mkono wako. Na mimi nilikusifu! Nilisimama katikati ya soko nikasema, "Mtazameni huyu, huyu ndiye Mkristo." Ilinigharimu nini? Sisi Wajaluo hatukati wasichana. Nilipigia makofi vita vyako na mila ya kwenu, huku nimeikalia ya kwetu kama kuku juu ya yai. Ulicheka tu. Sasa najua ulichokuwa unacheka.

Na mimi mwenyewe nilirithiwa, Boke. Ni wewe peke yako niliyekuambia nilivyougeukia ukuta usiku ule. Ningewezaje kumpelekea mtoto wangu ukuta ule ule na kuuita amani?

Asubuhi nilipanda mstari mmoja kwangu, ili foleni yao isiseme sikuanza. Kisha nikabeba jembe mpaka shamba la Akoth, lile la kando ya barabara, nikaita mbele ya boma lote, "Toka nje! Mbegu haina matanga." Alitoka na nguo za safari. Nikamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mkono wake ulikuwa baridi, nikajisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yangu. Tukapanda. Yeye anachimba, mimi natia mbegu mbili mbili, nafunika kwa mguu. Watu wa boda boda walisimama kututazama kama mpira. Wale wake wengine walisimama na ndoo zao mpaka saa sita. Halafu yule mdogo kabisa akaenda shambani kwake akaanza. Yule mwingine mpaka leo hanisalimii.

Alhamisi iliyofuata nilipika chai ya watu tisa. Hakuna aliyekuja. Wiki ya pili nikapika tena ya tisa. Wiki ya tatu nikapika ya wawili, mimi na Akoth. Nikikutana na Mama Selina kisimani ananiambia, "Tunakuombea," na unajua mtu anavyosema hivyo akiwa na ndoo kichwani, bila kusimama. Sitakudanganya, inauma. Miaka hiyo yote nilidhani namwimbia Mungu, kumbe nilikuwa napenda sauti za wenzangu zikifunika yangu. Sasa naimba nikisikia koo langu lilivyochakaa. Lakini Mungu anasikia, na hajaondoka.

Mahindi yalipofika magotini viwavi viliingia. Wakasema, si mnaona, chira hiyo! Lakini viliingia kwa Mama Selina, vikaingia kwa pasta. Viwavi havikuuliza nani amelala na nani. Tulivuna kidogo, tukala kidogo. Sikuandikii hili kukuonyesha eti Mungu alinilipa. Hakunilipa, na sikuwa nimemuuzia kitu. Tungevuna mabua matupu bado ningekuwa nimepanda pale pale. Wajukuu wangu wanalala umbali wa kuitwa. Akoth anacheka siku nyingine, anaogopa siku nyingine, hasa mtoto akikohoa. Na mimi pia huogopa mtoto akikohoa. Imani yangu haijafika mahali pa kutoogopa. Imefika mahali pa kubaki.

Nilipofika hapa niliacha kalamu nikaenda kufungia kuku, nikarudi nikiwa nimejigundua. Unajua ninachofanya? Natafuta amina yako. Nimeachwa na wanane, nikaja kutafuta mmoja, tena aliyekufa, ambaye hawezi kunibishia. Nimekugeuza wewe kuwa Alhamisi yangu mpya. Nisamehe, rafiki yangu. Hukuwahi kuniambia amina hata siku moja, na ndiyo maana nilikupenda.

Kwa hivyo nakuahidi mbele ya Yule aliye mbele yetu sote: mvua hii ikishuka na foleni ikafika kwa Akoth, nitakuwa langoni kwake na jembe kabla hajaitwa. Na siku nitakapokuwa mimi ndiye niliyekosea, mwenye kuniuliza sitamnyima chai.

Lala vizuri kwenye udongo wenu. Ukimwona Otieno, mwambie mke wake anakula na watoto wana viatu.

Na uje, maana nimechoka na shangazi na chungu chake. Lakini ukija usipitie kwangu kwanza. Pitia kwa Akoth, umshike mkono, kwa sababu mimi nilichelewa. Kisha njoo ukae kwenye kiti cha Mama Selina, kiko wazi. Usiniambie nimefanya vizuri. Niulize lile swali lako, na usinicheke nikichelewa kujibu.