Fremu ya Baba

Chumba namba tisa, ghorofa ya tatu
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwako Dada,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale pacha wako wasiojua kushiba. Baba naye, magoti yake vipi? Bado anajifanya hayaumi mbele ya watu, halafu anayasugua akidhani hakuna anayemwona? Mimi mwili hauna neno. Nakula, naenda kazini, narudi. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya niandike kwa mkono badala ya kukupigia, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako, tena ukiwa umekaa.

Barua yako niliipata Jumanne, na nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Umeniambia Baba amemaliza fremu. Umesema ametumia ule ubao mwekundu aliouficha darini miaka yote akidai ni wa kazi maalumu, ameupiga msasa wiki mbili nzima, na msumari ameshaupigilia pale sebuleni, karibu na picha ya Mama. Kila mgeni anayeingia anaonyeshwa fremu tupu na kuambiwa picha ya jua iko njiani. Ukamalizia kwa kunitania kwamba mtu anayeshughulika na mwanga ana mwendo wa kinyonga, miezi kumi na moja kutuma picha moja. Nilicheka, Dada. Kisha nikaenda bafuni nikafungua maji, ili jirani asisikie ninavyolia.

Ngoja nianze na kazi yenyewe, maana mkiniuliza huwa najibu kwa mkato. Mnajua nachunguza korona. Nikilitaja neno hilo kwenye basi watu bado wanasogea pembeni kutafuta barakoa, lakini hii yangu ni ya jua. Ni hewa nyembamba inayolizunguka, nyeupe, ambayo macho hayawezi kuiona mpaka mwezi uzibe jua lote. Ajabu yake ni kwamba ina joto kuliko uso wa jua wenyewe, mara mia na zaidi. Ni kama mvuke wa sufuria uwe wa moto kuliko jiko, na hakuna anayejua kwa hakika ni kwa nini. Humo ndimo unamotoka upepo wa jua, unaovuma mpaka huku kwetu, na ukichafuka huvuruga mawasiliano ya ndege na kuzima umeme wa miji. Ndiyo maana tulijiandaa miaka minne kwa ajili ya kupatwa kwa jua kulikodumu dakika mbili na sekunde kumi na nne.

Hapo nyumbani Mama peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuniuliza kazi hii inamfaa nani. Si ndiye aliyenibandika jina la Machojuu, siku nilipoliparamia beseni lake la nguo nikiangalia mawingu? Nilipomwambia kwamba skrini ya kamera lazima ifunikwe ili mwanga wake usitoke nje, aliketi kwenye cherehani akanishonea kitambaa cheusi, tabaka mbili, na lastiki pembeni. Akasema hapo mwanga haupiti hata kwa rushwa. Kitambaa hicho ninacho hapa mezani ninapoandika.

Ulinipigia siku nne kabla ya tukio. Nilikuwa nimeshafika na masanduku yangu kilimani, tulikopanga kulitazamia jua. Ukaniambia Mama amerudishwa wodini na ananiulizia, na kwamba kuna basi la asubuhi, nikiliwahi nitafika. Jibu langu unalikumbuka. Baba naye analikumbuka, na umeniambia siku hizi amelifanya sifa, anawasimulia wageni kuonyesha mwanawe alivyoipenda kazi.

"Mama atanisubiri, Dada. Jua halisubiri."

Ukasema sawa, fanya kazi yako, lakini urudi na hiyo picha.

Dada, hakuna picha. Haiko njiani, haisafishwi, haikukwama kwa wakubwa kama nilivyokuwa nikiwaambia mwezi baada ya mwezi. Haikuwahi kuwepo.

Siku ile mbingu zilikuwa safi, wala nisisingizie mawingu. Kila mmoja wetu alikuwa na chombo chake, na mimi nilikuwa na kamera kubwa. Mbele ya lenzi yake hukaa kifuniko, karatasi inayong'aa kama fedha iliyobanwa kwenye pete, ya kupunguza ukali wa jua lisije likaiunguza kamera. Nusu dakika kabla ya giza unakitoa, kwa sababu korona ni hafifu na kifuniko hicho huizuia yote isipite. Kuna orodha ya hatua kumi na saba ambayo niliiandika mwenyewe, na kutoa kifuniko ni hatua ya kumi na moja. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuifanya.

Giza likaingia. Watu waliokuwa chini ya kilima wakapiga kelele, ndege wakanyamaza, nami nikainua uso. Niliiona, Dada. Ilikuwa nyeupe, imetanuka pande zote kama nywele za Mama alipokuwa akizifumua, na kwa muda huo wote kamera ilikuwa ikipiga chini ya kitambaa chake, moja baada ya nyingine, picha mia mbili na sita. Nilifurahi. Hilo nalo nalikiri, kwamba nilifurahi mno. Jua lilipoanza kuchungulia tena nikanyoosha mkono kurudisha kifuniko mahali pake, nikakikuta kipo.

Mkuu wetu wa kituo, mama mmoja tunayemwita Bibi Sekunde kwa kuwa hata chai anainywa akiangalia saa, alikuja akaichukua ile orodha. Kwenye namba kumi na moja palikuwa na alama ya vema, mwandiko wangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu wakati ule nilikuwa nafanya nini. Nikajibu sijui. Akaandika katika daftari la kazi kwamba kifuniko hakikutolewa, akatia saini, nami nikatia yangu chini yake.

Tangu hapo niko chumba cha taarifa. Kila asubuhi nasoma vipimo vya upepo wa jua na kuwaandikia watu wa ndege na wa umeme kama leo kuna utulivu au kuna dhoruba njiani. Nawaonya watu nisiowajua ili yasiwakute mabaya, na sijawahi kuchelewa hata siku moja. Wenzangu si wabaya. Kuna aliyeniwekea mezani mfuniko wa sufuria ulioandikwa kumi na moja, tukacheka wote. Nimechoka kucheka, Dada. Kuna asubuhi nakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, nusu saa nzima, sioni sababu ya kuvaa cha pili.

Lakini kama ingekuwa kifuniko tu, ningeshawaambia zamani. Watu hukosea. Baba mwenyewe aliwahi kutengeneza kabati zima likashindwa kupita mlangoni. Ninachoogopa kukuandikia ni jibu nililompa Bibi Sekunde, kwamba sijui nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa najua.

Dada, mtandao ulikuwepo.

Siku niliyofika, mkiwa mmeshamzika, ulikuwa umekwishawaambia watu wote kwamba simu iliita mara moja ikakatika, na baada ya hapo haikupatikana tena, na kwamba huko kilimani mtandao huja na kukatika. Mimi ndiye niliyewatangulizia maneno hayo ya mtandao mbovu kabla sijaondoka, ili msinisumbue. Baba aliniwekea mkono kichwani mbele ya ndugu zetu, akasema si kosa langu, ni ule mlima. Mwongo njia yake ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa, lakini mimi nimetembea nayo miezi kumi na moja nikila msamaha usiokuwa wangu.

Simu ilikuwa juu ya sanduku, karibu na goti langu. Nilikuwa nimemaliza hatua ya kumi. Ikatetemeka, nikaona jina lako. Ulikuwa umeniahidi hutanipigia saa ile hata kwa dawa, kwa hiyo nilijua. Sikudhani, Dada, nilijua. Nikaikata. Nikabonyeza tena nikashikilia mpaka ikazimika kabisa, nikaitia mfukoni, nikarudi kwenye orodha, nikaweka alama kwenye namba kumi na moja na kuendelea na kumi na mbili. Mkono uliotakiwa kwenda kwenye lenzi ulikuwa umekwenda kwenye simu, na kichwa changu kikahesabu kwamba kazi imefanyika.

Hiyo ilikuwa saa nane na dakika chache. Niliwasha simu saa kumi, tukiwa tunafunga masanduku. Mama alikuwa amefariki saa tisa.

Humu ndani ya bahasha nimeweka picha ya kwanza kati ya zile mia mbili na sita, nimeichapisha kwa kipimo ulichonipa cha fremu ya Baba. Ni nyeusi kutoka pembe hadi pembe. Ijumaa nilikuwa nimeshika nyingine mkononi, ya mwenzangu mwenye kamera ndogo aliyekuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa, nzuri kabisa. Baba asingejua. Angeitundika, angeisifia, na mimi ningekuja sikukuu zote kula chini yake. Nilikaa nayo mpaka jioni, kisha nikairudisha kwa mwenyewe. Msomee Baba barua hii, au usimsomee, wewe ndiye unayemwona kila siku. Ila usimwambie picha ilipotea njiani. Akiamua kuung'oa ule msumari, sitakuwa na neno. Na kama mtataka nisije tena hapo nyumbani, niandikie hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Msamaha siuombi leo, nitauomba nikiwa mbele yenu mkinikubalia. Ombi langu ni moja. Hujawahi kuniambia ile simu ilikuwa ya nini, nami sijathubutu kuuliza, kwa sababu aliyekosa mtandao ana haki ya kuuliza, mimi sina. Ulikuwa unanipigia wewe, au ulikuwa umemshikia Mama simu sikioni? Kama ni yeye, alitaka kuniambia nini? Kama alinigombeza, iandike kama alivyogomba. Kama alisema jina langu tu akangoja, nalo niandikie.

Nisalimie shemeji, na pacha waambie mjomba wao hajawasahau. Baba mkandie magoti kwa maji ya moto hata akikataa. Simu yangu iko wazi, Dada, saa yoyote. Tangu siku ile sijaizima.

Ni mimi mdogo wako,
Machojuu