Cheti cha Ndoa cha Mama Kultum

Migori,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Abdirahim,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Willis, yule mwenye mlikalia dawati moja tangu darasa la tatu, miguu nne na kiatu hakuna. Hujambo? Nasteha hajambo, na watoto? Hiyo joto ya Mbita mnaivumilia aje na mfungo? Sisi huku tuko, tunashukuru Mungu, isipokuwa goti yangu ya kulia inanisumbua kila nikipanda ngazi. Phelesia ni mzima. Kijana wetu mkubwa amenyoa kichwa upande moja tu na anasema ndio style. Nilitaka kumuuliza ule upande mwingine kinyozi aliuogopa nini.

Najua utashangaa kuona barua. Nilikupigia simu mara mbili hukushika, na sikulaumu. Baadaye nikaona ni heri hukushika, kwa sababu simu mtu anaweza kukata katikati, na haya maneno nataka uyasome mpaka chini. Halafu pia nimetumwa, na mwenye amenituma ni mama yako, Mama Kultum.

Kwanza nikupe habari ya nyumbani. Duka la marehemu mzee Noordin bado liko pale pale. Ndugu yako Ahmednur ameongeza magodoro na mapazia mpaka mteja anaingia kwa upande kama kaa. Mimi pia bado niko na kibanda changu cha fotokopi karibu na ofisi za serikali, ingawa siku hizi kila mtu ako na cyber na wateja wamepungua. Watu wako wanauliza wewe utarudi lini. Mzee wa kushona viatu huwa anasema Migori imebaki bila Msomali wa kumtukana kwa Kijaluo safi.

Mama amezeeka, omera, ndugu yangu. Sitakuficha. Anatembea na fimbo na Sumeya, binti ya Ahmednur, anamshika mkono ule mwingine. Lakini mdomo bado ni ule ule. Mwezi wa kwanza walimwita tena kwa mahojiano ya ile maombi yake ya uraia, na ofisa akamtania ati shida yake ni Kiswahili, ni safi kupita kiasi, mtu akiisikia tu anajua huyu amezaliwa Musoma, Tanzania. Ati kama angeongea kama sisi, kitu hii na kitu ile, angepewa kitambulisho siku hiyo hiyo. Mama akamwambia amekaa Migori miaka arobaini akingoja tujifunze, na sasa amechoka kungoja. Ofisi nzima ilicheka. Lakini kitambulisho hawakumpa.

Unajua hiyo hadithi kuniliko, lakini wacha niseme mahali imefika. Wamemwambia mjane wa Mkenya ana haki ya kuomba uraia, hiyo hakuna mtu anapinga. Lakini lazima aonyeshe aliolewa na huyo Mkenya, na cheti cha ndoa ndio hicho kilipotea. Ahmednur alienda mpaka Isiolo kule walifungia ndoa. Akaambiwa vitabu za miaka hiyo zimepangwa kwa namba, si kwa jina, na ni nyingi, alete namba ya cheti watafute. Namba hakuna mtu anaijua. Mzee Noordin, Mungu amrehemu, hakuwa anaamini fotokopi, aliweka hiyo cheti ndani ya mkebe miaka yote na akafunga kwa kamba. Sasa wamempa mama mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Baada ya hapo faili inafungwa.

Jumatano iliyopita mama alikuja kwangu kupigwa picha za pasipoti za kuweka kwa hiyo faili. Nikampiga. Akakataa ya kwanza, akasema nimemfanya aonekane kama mtu ameshikwa na polisi. Ya pili akaikubali. Halafu hakutoka. Aliketi kwa ile benchi, akafunga macho, akaanza kutafuta namba. Anasema huwa anaiona kwa kichwa, kwamba mzee alimwonyesha siku ya harusi. Anasema nne, saba, halafu inapotea. Sumeya alikuwa anaandika kwa kiganja chake kila namba nyanya yake anataja, na kiganja kilikuwa kimejaa. Mama akaniambia yeye sasa anaishi kwa majina ya watu. Laini ya simu ni ya Sumeya, duka ni ya maiti, bima ya hospitali hawezi kuandikishwa na macho yanataka kupasuliwa. Akasema hata akifa leo hajui kwa karatasi ya kifo wataandika yeye ni nani.

Kisha akaniambia niandike barua kwako. Akasema wewe ni Willis, wewe ndio ulihangaika na mtoto wangu kutafuta hiyo karatasi, wewe atakusikiliza. Akaanza kunitajia maneno. Mwambie Abdirahim mimi mama yake nimemsamehe. Kama aliipoteza, nimemsamehe. Kama aliificha vile ndugu yake anasema, ili duka isiandikwe jina langu, pia nimemsamehe. Sitaki kufa amenikasirikia.

Niliandika mstari wa kwanza kwa kompyuta. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nikamwambia mashini imegoma, pengine ni stima, na feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Sumeya aliangalia feni, akaniangalia mimi. Mama akasema basi niandike pole pole nyumbani, akaniombea dua, akaenda.

Abdirahim, nimejaribu siku tano kuandika kwamba mama amekusamehe, na haiandikiki. Huwezi kusamehewa kitu hukufanya. Cheti hukupoteza wewe. Ulinipa kwa mkono na mimi ndio niliiharibu.

Wacha nieleze vile ilikuwa, bila kujipunguzia. Siku ile mwezi wa nane, 2021, ulikuja na ile bahasha ya khaki, ukatoa karatasi tano za maombi ya mama juu ya meza yangu, ukasema nitoe kopi mbili mbili. Muadhini akaanza. Ukasema unaenda kuswali adhuhuri utarudi. Nne nilifanya bila shida. Ya tano ilikuwa cheti ya ndoa, na ilikuwa imechoka, mikunjo imekatika, mzee alikuwa ameishikisha kwa selotepu nyuma. Haikuwa inalala vizuri kwa kioo. Nikasema, huyu ni mama mwenye amenilisha pilau kila Idd tangu nikiwa na meno ya utoto, wacha nimfanyie kitu kizuri. Niilaminate kwanza, niivalishe plastiki, bure, ikae miaka mingine hamsini, ndio kopi itoke safi. Hakuna mtu aliniambia nifanye hivyo. Wewe ulisema kopi tu.

Mashini ya laminesheni ilikuwa moto tangu asubuhi kwa vyeti vya walimu. Niliingiza. Ile selotepu ikayeyuka, ikashika roli, na karatasi ikaanza kujizungusha huko ndani. Nikasikia harufu. Ningezima kwanza, lakini nilishikwa na hofu nikavuta. Ikatoka vipande, na plastiki imejikunja imekuwa kahawia. Na ujue hata kama ingetoka vizuri ningekuwa nimewaharibia, kwa sababu baadaye nilikuja kujua ofisi ya uraia haikubali originali yenye imewekwa plastiki. Wema wangu wote ulikuwa kazi bure tangu mwanzo.

Ulirudi kutoka msikitini na maji bado kwa ndevu. Nilikuwa nimeshafunga bahasha na stepla. Ukaniuliza kama zote ziko, nikasema ziko. Hapo ndio nilianguka. Nilijiambia nitakwambia jioni. Kabla jioni ukaja mbio pamoja na Ahmednur, na yeye alikuwa anapiga kelele mpaka watu wakasimama nje, na nikaona kibanda changu, na jina langu, na wale watu wa ofisi wanaoniletea kazi kwa sababu Willis haharibu. Nikakuonyesha ile notisi niliandika mwenyewe ukutani: HESABU KARATASI ZAKO KABLA YA KUTOKA. Ukainamisha kichwa. Ukasema ni kweli, hukuhesabu.

Na mimi nikakusaidia kutafuta. Tuliinua mashini ya fotokopi sisi wawili mpaka ukafinywa kidole. Nikaenda na wewe kwa bodaboda mwenye alikubeba, nikamuuliza kwa ukali. Nikakusindikiza kituo cha polisi kuandikisha. Halafu ile afidaviti uliapa kwa wakili, kwamba mimi Abdirahim Noordin nilipoteza cheti hiki kwa uzembe wangu mwenyewe, hayo maneno ya uzembe ni mimi niliyachapa. Wewe ulisema tu imepotea. Mimi ndio niliongeza. Ukanishukuru, ukasema rafiki wa kweli anaonekana siku kama hiyo. Omera, hiyo shukrani nimekula nayo chakula miaka mitatu na nusu.

Nilikuwa pale siku Ahmednur alisema mbele ya wazee wenu kwamba umeificha kwa sababu unataka ploti ya duka iuzwe. Nilikuona ukimwangalia mama, ukingoja aseme hapana. Mama akageuza uso. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na maneno yalikuwa kwa mdomo. Ukahama mwezi huo. Nilikusaidia kupakia vitu kwa gari.

Mimi ni mzee wa kanisa, ninafundisha somo la Sabato, na nimetubu kwa Mungu mara nyingi. Kumbe hiyo ilikuwa rahisi, kwa sababu Mungu hakuwa amefukuzwa nyumbani.

Sasa sikia, hii ndio sababu barua hii ni nzito. Vipande sikutupa. Sikuweza. Viko vitatu, na miaka hii yote vilikaa ndani ya kasha ya ile mashini, juu ya rafu. Mama alikuwa ameketi chini yake akitafuta namba kwa kichwa. Viwili vimeungua, havisomeki. Cha tatu kimepona: kina nusu ya mhuri, kina sahihi ya mzee Noordin, na namba iko wazi. Mama alikuwa karibu. Ni saba kwanza, halafu nne. Alikuwa amezigeuza tu.

Ningempa pale pale. Niliogopa tena, huo ndio ukweli. Lakini baadaye nilipofikiria niliona si mimi wa kumpelekea. Wewe ndio uliambiwa umeipoteza, basi wewe ndio uiingize kwa ile nyumba na mkono wako. Phelesia anaenda Mbita kesho kwa dada yake na amekubali kubeba. Nilimwambia jana kabla yako. Hakuniongelesha mpaka leo asubuhi, na alichosema ni kwamba atakupatia mkononi na atasimama hapo mpaka umalize kusoma. Kwa hivyo kama umefika hapa, mkaribishe aketi, amechoka.

Alhamisi naenda kwa wakili kuapa afidaviti yangu mwenyewe, na ile neno ya uzembe itarudi kwa jina langu. Nitaipeleka mwenyewe kwa yule ofisa mwenye faili ya mama. Wakisema ni polisi, itakuwa polisi. Ahmednur nitamwambia mbele ya wale wale wazee, uwepo au usiwepo. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa Kijaluo, unaijua kuniliko.

Idd ni wiki ijayo. Njoo nyumbani.

Na ile barua mama alinituma, ya kukusamehe, mwambie Willis alikataa kuandika. Mwambie na sababu.

Nisalimie Nasteha sana, na watoto, hata yule mdogo ambaye sijawahi kumbeba. Phelesia atawasalimia mwenyewe. Mungu awalinde mkiwa njiani.

Ni mimi, niliyekukosea,

Willis

N.B. Kipande kiko ndani ya bahasha ndogo, katikati ya karatasi mbili nyeupe. Nimetoa kopi tatu, ziko kwangu. Mtu akikwambia ukiweke plastiki, kataa.