Kanda ya Mume Mpole

Jumanne, 4 Machi

Malalamiko matatu leo, yote juu ya kanda moja ya video! Namba 214. Jina lake la kigeni limetushinda sote kulitamka, wateja wameibatiza Mume Mpole. Daftari la maoni limejaa mpaka watu wanaandika pembeni. Bosi aliliweka pale kaunta akidhani watu wataandika "asante sana". Wanagombana humo kama wako sokoni.

Mshona suti wa mlango wa pili: sijawahi kuogopa hivi filamu ambayo haina hata bunduki. Nesi: nilisimamisha mara mbili nikaangalie kama nimefunga mlango. Mwalimu wa hesabu, kwa wino mwekundu — hata dukani kwetu hawezi kuacha — mume hampigi, anamlisha, anamvisha, huyu mwanamke analia nini? Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: MWALIMU RUDIA DARASA.

Wakishagombana, wanakubaliana jambo moja. Picha mbovu. Karibu na katikati inajaa chenga, sauti inazama, kisha inatulia. Bosi hajali nani analia na nani halii. Anataka kujua kwa nini kanda ya miezi minne imechakaa kama ya miaka kumi. Na nani wa kuchunguza? Mimi, bila shaka. Mwenye kiti ndani ya duka hili ni mimi na yule paka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitazama dukani, sauti chini, wateja walipopungua. Sikutaka. Kanda zote hizi na lazima iwe hii!

Yule mume hapazi sauti hata mara moja. Anauliza tu. Ulikwenda wapi. Ulirudi saa ngapi. Mbona kikombe kiko upande huu leo. Halafu anatabasamu, na mke anajibu haraka haraka, maneno mengi kuliko swali. Mlango wa duka ulipofunguliwa niliruka. Alikuwa Nesi tu, kaja kubadilisha katuni za wanawe. Kaniuliza kama nina homa.

Namjua mtu anayeuliza hivyo. Sitaki kuandika ni nani. Najiandikia mwenyewe na bado sitaki!

Alasiri Fundi wetu wa deki aliifungua kanda, akaivuta taratibu mpaka palipochakaa. Utepe umefifia, una mikwaruzo. Kasema hii haikuliwa na deki. Mtu amesimamisha hapa, akarudisha nyuma, akatazama, akasimamisha tena. Picha ikisimama, kichwa cha deki bado kinazunguka na kuparuza palepale. Mara ngapi? Kacheka. Labda hamsini.

Mahali penyewe ni dakika mbili tu. Mke yuko jikoni. Anatoa vyeti vyake kutoka ndani ya mfuko wa unga, anavikunja kwenye nguo chafu, anaweka kwenye beseni. Mume yuko mlangoni: unafua tena leo? Mke: jua ni zuri. Anampita bega kwa bega, anatoka uani, anamkabidhi jirani nguo moja juu ya ukuta. Basi. Kila siku nguo moja, mpaka siku anayotoka mikono mitupu.

Nani anatazama hapo mara hamsini?

Ijumaa, 7 Machi

Kitabu cha kuazimia nimekipitia chote. Watu kumi na mmoja waliichukua mara moja moja. Mmoja aliichukua mara tano tangu Desemba.

Shemeji. Mume wa mdogo wangu.

Haya, nimeandika.

Huja mwenyewe, shati limepigwa pasi, ananiita "shemeji yangu kipenzi" mbele ya wateja. Hunisaidia kupanga makasha. Wote wanampenda. Nesi husema angepata wa hivyo asingekuwa anakula chakula cha jioni na katuni. Ni yeye aliyemwachisha mdogo wangu kazi ya upigaji chapa. Si kwa ukali, la. Alisema tu, mbona vidole vyako vimechoka hivi. Tangu siku hiyo mdogo wangu hatoki bila yeye, na simu yao anapokea yeye.

Nikalipekua daftari la maoni kurasa za Januari. Yupo! Ule mwandiko wake wa kulala: Filamu ya mafunzo. Mume yuko sahihi. Kosa lake ni kumwamini mke kwenye mambo madogo. Mwisho ubadilishwe.

Mambo madogo. Beseni la nguo. Kwa hiyo anapatazama pale ajifunze asije akakosea kama yule wa kwenye filamu. Nimesoma mara tatu, nikalifunga daftari.

Jumatatu, 10 Machi

Jana nilikwenda kwao. Sebule haina kitu nje ya mahali pake. Shemeji alikaa nasi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akatumiminia soda, akajibu maswali niliyomuuliza mdogo wangu. Umepungua, nilimwambia. Shemeji kasema anakula vizuri.

Alipokwenda kumfungulia mtu wa mita ya maji, mdogo wangu akanisukumia mfuko wa nguo chini ya meza. Kasema dada nitunzie hizi, panya wameingia kabatini. Nikasema si mnunue mtego! Akanitazama. Nikasema basi, nimechukua.

Nilitaka kumwambia kuhusu kanda. Sikuwahi, maana shemeji alikuwa amesharudi. Niliuliza tu kwa sauti ya mzaha, siku hizi mnatazama video gani? Mdogo wangu kasema anazoleta yeye. Uani kamba zilijaa nguo. Watu wawili, na wanafua kama hoteli!

Jumatano, 12 Machi

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipendelee.

Shemeji alikuja saa nne asubuhi. Duka lina watu, jua limejaa kwenye kioo, nikajiona jasiri. Nilikuwa nimepanga tangu Ijumaa: nimfanyie utani wa shemeji, ajue kwamba nimeona, aone haya. Nilidhani akijua kuna jicho juu yake atamlegezea mdogo wangu. Nilidhani!

Nikasema, shemeji, ile Mume Mpole umeirudisharudisha mpaka imechakaa.

Hakunielewa. Dukani kwetu kurudisha ni kurudisha nyuma, ni kuleta kanda, ni neno moja tu. Akasema kwa heshima zote: "Mimi? Nimeirudisha kila mara siku yake, shemeji. Angalia kitabu."

Watu wakacheka. Na mimi, kwa kutaka kumaliza utani wangu, nikamfafanulia. Si kuleta, kurudisha nyuma! Pale mke anapoficha vyeti kwenye beseni la nguo chafu. Una nini na pale wewe?

Akaacha kutabasamu. Si kwa hasira. Kama mtu anayepiga hesabu.

"Mimi niliitazama mara moja tu," kasema. "Nyingine namwachia mdogo wako nikienda kazini. Nilitaka ajifunze." Halafu, pole pole: "Pale wapi, shemeji? Hebu niambie tena."

Sikusema tena. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nimeshasema yote, mpaka beseni!

Akaiomba 214. Ningeweza kusema iko kwa Fundi. Ningeweza kusema imekatika. Ilikuwa mbele yake kwenye kaunta, na mkono wangu huu huu ukaandika jina lake kitabuni. Akanishukuru. Akamfungulia Nesi mlango wakatoka pamoja.

Nilikwenda chumba cha nyuma nikafungua ule mfuko wa panya. Ndani ya gauni la kwanza, kitambulisho chake. Ndani ya la pili, cheti cha upigaji chapa. Ndani ya kitenge, picha ya mama. Hakuna panya. Hapakuwa na panya hata siku moja, mimi ndiye sikusoma! Alikuwa anajifunza kweli. Alijifunza kila siku, mume akiwa kazini, peke yake na deki. Na mimi nimekwenda kumsomea mume ukurasa mzima.

Alhamisi, 13 Machi

Simu mara sita. Mara tano haikupokelewa. Ya sita, shemeji: "Yupo, shemeji. Tunatazama video." Saa tano asubuhi, siku ya kazi!

Nikafunga duka nikaenda. Geti lina kufuli jipya. Shemeji akanijibu kutoka ndani, bila kufungua, kwamba mke wake amelala, kichwa kinamuuma. Nikaita jina lake kwa nguvu. Pazia halikucheza.

Kwenye kituo cha polisi waliniuliza amempiga? Hapana. Amemtishia? Hapana. Sasa amefanya nini, mama? Anauliza maswali, nikasema. Hata masikioni mwangu ilikuwa upuuzi. Askari akanitazama kwa huruma, kasema mimi pia mke wangu namuuliza maswali.

Naogopa. Sijui naogopa nini hasa, na hapo ndipo panapoogopesha.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja wote wawili! Anatembea, anaongea, yuko mzima. Nilitaka kuruka kaunta. Shemeji alikuwa amemshika kiwiko, taratibu, kama anamvusha barabara.

Kanda akaiweka mbele yangu. Kasema tumekuja kuomba radhi, mke wangu ameharibu mali ya watu. Mwenyewe amekubali. Nikasema si kitu, shemeji, kanda huchakaa. Akasema la, mtu akikosea aandike. Akalifungua daftari la maoni, akamwekea kalamu mkononi. Mwalimu wa hesabu alikuwepo, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ningemchoma kwa kalamu yake nyekundu.

Mdogo wangu akaandika, shemeji akisoma juu ya bega lake:

Naomba radhi kwa kanda. Sitarudi tena.

Shemeji akacheka. Akamgusa shavu. "Umesahau herufi. Sita-rudi-sha. Ongeza." Akaongeza sha, ndogo, juu ya mstari, na alama yake chini. Mwalimu naye akacheka.

Mdogo wangu hakucheka. Aliniangalia. Sekunde moja, labda mbili.

Miaka sita mpiga chapa. Barua za meneja alikuwa anazisahihisha kabla hazijatoka. Mimi mwenyewe shuleni aliniandikia insha zangu, na yeye mdogo kwangu darasa tatu! Huyo hasahau herufi.

Walipotoka nilijifungia chooni nikalia, kwa furaha na kwa woga pamoja, siwezi kuvitenganisha. Anaondoka. Bado anaondoka! Lakini lini? Na kwa njia gani, sasa ambapo mume ameshaitazama ile njia mwanzo mpaka mwisho?

Na kitu kingine. Shemeji alicheka upesi sana. Yeye naye si mjinga wa herufi.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna kitu. Nimekaa karibu na mlango siku nzima, viatu miguuni. Kila anayepita nje ni yeye, kisha si yeye.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefungua mapema. Mfuko wake uko chini ya kaunta, nimeongeza viatu vyangu vya kufunga na kanga. Nimemwambia Nesi yote. Kasema ana chumba, kina mlango wa nyuma, na wanawe watahamia kwake kitandani. Hakwenda kazini, amesema amekuja kuchagua katuni. Amekuwa akichagua katuni tangu saa mbili.

Saa tatu na robo, simu. Shemeji. "Shemeji yangu kipenzi, mdogo wako yuko hapo?"

Nikasema hayupo. Ni kweli, hayupo! Kwa mara ya kwanza namwambia kweli tupu, na imenitoka vibaya kuliko kama ningedanganya.

Kasema basi, labda ametoka kidogo. Akakata.

Nesi kanishika mkono: si umesikia? Ametoka! Ameshatoka! Nikataka kuamini. Nikahesabu njia kutoka kwao, kwa miguu dakika thelathini, kwa kupitia nyuma ya soko arobaini.

Dakika arobaini zimepita.

Saa nne, simu tena. Sauti ileile, haina haraka. "Nilitaka tu kukujulisha, shemeji, bado hajarudi. Tangu asubuhi namtafuta. Na wewe unakumbuka, eh? Nilikupigia saa tatu na robo."

Kwa nini nikumbuke saa? Nimemuuliza Nesi. Ameacha kuchagua katuni. Mtu anayetafuta mke angekuwa barabarani, angekuja hapa, angepiga kelele. Huyu anataka nikumbuke saa, kama anayejitafutia shahidi! Au anapekua nyumba na hajui aanzie wapi, na saa ndiyo kitu pekee alichobaki nacho. Au mdogo wangu ameketi nyuma ya soko anasubiri watu wapungue. Yote matatu yanawezekana na nimeyageuza mpaka kichwa kinauma.

Nesi amevaa viatu. Kasema twende kwao sasa hivi, watu wengi, twende na Fundi, na mshona suti na makasi yake. Nikasema je, mdogo wangu akija hapa akute pamefungwa? Kasema basi wewe baki, mimi nakwenda. Ameshafika nje, anamwita Fundi kwa kelele barabara nzima inasikia.

Nimebaki. Mlango nimeuacha wazi kabisa, nimeuzuia kwa kiti.

Simu inaita. Sijapokea bado. Ikiwa ni yeye, mume, ataniuliza, nami sasa nataka aniulize, aendelee kuniuliza mchana kutwa, maana akiuliza kuna uwezekano kwamba hajui aliko mdogo wangu.