Lori la Bosi Halina Magurudumu

Baba Watoto,

Naandika huku krimu ya bluu ikinikaukia vidoleni, na zamu ya kazini hainisubiri. Keki ya bosi wako iko kwenye friji, rafu ya juu. Asiiguse mtu. Watoto wale mabaki niliyoyakata pembeni, yamo kwenye bakuli lenye kifuniko.

Sijanuna. Ila juzi uliniweka kwenye spika ya simu bila kuniambia. "Mama Watoto huyu hapa, bosi, hashindwi na kitu." Aliyekuajiri ananiuliza kama naweza kuoka keki ya umbo la lori, ningemjibu nini? Nikasema ndiyo. Nawe ukaongezea kwamba kila dereva atapata lake siku yake ya kuzaliwa. Madereva kumi na wanne, mume wangu.

Nilijifunza kuoka ili Jumapili nipate muda wa kukosea bila kuulizwa. Ile keki ya kwanza ilibonyea katikati, nikaipindua, nikaibandikia kichwa, ikawa kobe. Tulicheka sana. Yule kobe hakuwa ameagizwa na mtu.

~~Mwambie bosi siwezi.~~ Usimwambie hivyo, atakuona hutimizi ahadi. Lake atalipata. Mwambie tu madereva wasitegemee.

Magurudumu ni zile biskuti nane za mviringo kwenye kopo, msizile. Nitayabandika kesho asubuhi, ukishampigia bosi kumwambia hilo. Sherehe yake ni kesho saa kumi jioni, kwa hiyo leo una siku nzima ya kutafuta maneno.

Mama Watoto